Boksi la viatu la Operation Christmas Child: jinsi ya kulijaza, linavyogawiwa, na kama lina thamani ya pesa yako

Oktoba ikiingia, makanisa mengi ya Marekani, Kanada na Uingereza huanza kugawa maboksi matupu ya viatu, na kwenye makanisa hayo siku hizi wamo Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi wengi. Mchungaji anatangaza, watoto wanakimbilia maboksi, na wazazi wanabaki na swali la nini kiingie humo. Huu ni uchambuzi wa huduma hiyo, Operation Christmas Child ya shirika la Samaritan's Purse, kwa anayejaza boksi ughaibuni na kwa kanisa linaloligawa upande wa pili. Kwa kifupi, usafirishaji na ugawaji wake umepangwa vizuri kuliko misaada mingi ya aina hii. Zawadi yenyewe ni suala jingine. Ubora wake uko mikononi mwa yule aliyesimama dukani, na maboksi mengi huharibikia hapo hapo.

Kazi hii ilianzia Wrexham, Wales, mwaka 1990. Baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka Romania, picha za vituo vya watoto yatima zilionyeshwa kwenye televisheni za Ulaya, na Dave Cooke na mkewe Jill wakaandaa msafara wa malori kupeleka misaada huko, yakiwemo maboksi ya zawadi. Mwaka 1993 Samaritan's Purse, shirika linaloongozwa na Franklin Graham lenye makao yake Boone, North Carolina, lililichukua wazo hilo na kupeleka maboksi 28,000 kwa watoto wa nchi za Balkani zilizokuwa vitani. Tangu hapo yamegawiwa zaidi ya milioni 200, katika nchi zaidi ya 100.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Unachukua boksi la viatu la ukubwa wa kawaida, la kwako au linalotolewa na kanisa. Unachagua mvulana au msichana, kisha rika: miaka 2 hadi 4, 5 hadi 9, au 10 hadi 14. Unajaza, unabandika lebo juu ya kifuniko, unafunga kwa mpira wa kufungia. Usifunge kwa gundi ya karatasi, kwa sababu kila boksi hufunguliwa na kukaguliwa kwenye ghala kabla ya kusafirishwa. Maboksi hupokelewa kwenye vituo wiki ya tatu ya Novemba. Marekani, mchango wa kusafirisha kwa miaka ya karibuni umekuwa dola 10 kwa boksi. Ukilipa mtandaoni unachapa lebo yenye msimbo, na baadaye unaarifiwa boksi lako liliangukia nchi gani.

Nchi huichagui wewe. Jambo hili Waswahili wengi hulisahau, wakajaza boksi kana kwamba linakwenda Morogoro au Kisumu. Boksi lako linaweza kufika Rwanda, na linaweza pia kufika Mongolia, Peru au Ukraine. Kwa hiyo kanga, kitabu cha hadithi cha Kiswahili au bangili ya rangi za bendera ya nyumbani ni mapenzi mazuri yaliyopotea njia. Anayetaka zawadi yake imfikie mtoto wa nchi fulani atafute huduma nyingine.

Vitu vilivyokatazwa visomwe kabla ya kwenda dukani, maana mkaguzi akivikuta anavitoa na boksi lako linabaki na pengo. Hakuna chakula cha aina yoyote, wala pipi. Hakuna dawa ya meno, ila mswaki unaruhusiwa. Hakuna dawa za kumeza wala vitamini, hakuna vimiminika kama shampuu na losheni, hakuna makopo ya kupuliza, hakuna kitu cha kuvunjika kama kioo, hakuna kilichotumika. Bunduki za kuchezea, visu na wanajeshi wa plastiki navyo hapana, na hilo halihitaji maelezo kwa boksi linaloweza kufunguliwa na mtoto aliyekimbia vita. Hata karata za kawaida, zenye shupaza, kopa, uru na pau, zimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa katika baadhi ya nchi, na watu wengi hushangaa. Ushangao huo unaisha ukikumbuka kwamba katika jamii nyingi, zikiwemo zetu, karata ni kamari kwanza na mchezo baadaye.

Tuje kwenye kujaza. Anza na kitu kimoja kikubwa ambacho mtoto akifungua macho yatatua hapo, halafu vingine vizibe nafasi kukizunguka. Makosa ya kawaida ni kwenda duka la bei chee na kukusanya vikorokoro ishirini: miwani ya plastiki, filimbi, vibandiko, vigari vya kukatika gurudumu siku ya kwanza. Boksi linajaa, linapendeza kwenye picha, na baada ya wiki halina kitu.

Kwa mvulana, na wasichana wengi pia, kitu hicho kikubwa ni mpira wa miguu wa kweli. Namba 5 uliotolewa upepo unaingia boksini lakini unakula karibu nafasi yote. Namba 3 unakunjika vizuri na unaacha nafasi ya vitu vingine. Kuutoa upepo kuna namna yake: lowesha sindano ya pampu kwa maji, ichomeke wima kwenye vali bila kuizungusha, kandamiza mpira taratibu hadi ulegee, kisha ukunje kama bakuli. Ukichomeka sindano kavu au kwa upande, unachana vali ya ndani, na mpira utavuja maisha yake yote bila mtu kujua kwa nini. Ndani ya bakuli hilo weka pampu ndogo ya mkono na sindano mbili, kwa sababu ya kwanza itapotea. Mpira bila pampu ni ngozi tu. Pampu ya baiskeli ya kijijini inaweza kuujaza endapo sindano ipo, ila sindano ndiyo isiyopatikana.

Vifaa vya shule vinafaa kila nchi. Penseli 12 zilizochongwa tayari, kichongeo cha chuma, ufutio, rula fupi isiyozidi boksi, madaftari mawili membamba, kalamu chache. Vichongeo vya plastiki hupasuka kwenye mchongo wa tano. Rangi za nta ni nafuu, lakini kontena hukaa juani bandarini na zikilainika zinapaka kila kitu. Tumia penseli za rangi, au zifunge rangi za nta kwenye mfuko wa plastiki unaojibana. Kikokotoo kinachotumia mwanga wa jua ni kizuri sana kwa mwenye miaka 10 na kuendelea. Tochi iwe ya jua au ya kuzungusha kwa mkono. Ya betri inaweza kufika imekufa, na familia ikaanza kuhesabu gharama ya betri mpya.

Sabuni ya kipande weka, lakini ndani ya mfuko uliofungwa kabisa, la sivyo daftari, nguo na mdoli vyote vitanuka sabuni hiyo hadi mwisho. Kikombe cha plastiki ngumu au bakuli lenye kifuniko hutumika kubebea vitu vidogo ndani ya boksi, kisha hubaki kuwa chombo. Nguo ni bahati nasibu. Rika la 5 hadi 9 lina watoto wa maumbo matatu tofauti, kwa hiyo ndala, soksi au fulana iwe ya upande mkubwa wa rika, maana mtoto anakua na kitu hakirudi nyuma. Fulana isiwe na maandishi usiyoyaelewa wala picha za vinyago vya kutisha. Kofia ya sufu ina maana milimani na haina maana pwani, na wewe hujui linakwenda wapi, acha.

Wasichana wa miaka 10 hadi 14 wanahitaji uangalifu ambao orodha za makanisani huwa hazisemi. Taulo za kike za kufua, tatu au nne, pamoja na chupi mbili mpya, ni zawadi inayomrudisha shuleni siku ambazo angebaki nyumbani. Lakini maboksi hufunguliwa hadharani, kwa pamoja, mbele ya wavulana na wachungaji. Ukiviweka juu juu unamwaibisha. Viweke kwenye kipochi cha kitambaa chenye zipu, chini kabisa ya boksi, na juu ya kipochi weka kitu cha kufurahisha. Atakifungua akiwa peke yake. Kwa rika hilo hilo, vifaa vya kushonea hupokelewa vizuri na wasichana na wavulana: kopo dogo lenye sindano, nyuzi za rangi tano au sita, vifungo na mkasi mdogo wa ncha butu. Zana ndogo kwa mvulana, kama bisibisi na koleo ndogo, nazo humpa kitu cha kufanyia kazi.

Wavulana wa rika hilo la 10 hadi 14 ndio wanaokosa zaidi. Wajazaji hukimbilia msichana mdogo, kwa sababu mdoli na vibanio vya nywele ni rahisi kununua. Kama huna sababu ya kuchagua vingine, chagua mvulana huyo.

Kuhusu wanasesere na vitabu: mdoli mweupe mwenye nywele za dhahabu si kosa, lakini ukipata wa kahawia mchukue. Kitana chembamba cha nywele laini hakipiti kwenye nywele za kipilipili, na kipana kinafaa nywele zote. Kitabu cha maneno ya Kiingereza kwa mtoto asiyesoma Kiingereza kitaishia kuwashia moto. Kitabu cha kupaka rangi kisicho na maneno kinasomeka kila mahali.

Barua na picha zinaruhusiwa, na wengi huzithamini kuliko vitu. Andika kwa herufi za kuchapa, sentensi fupi, kwa sababu mwalimu wa kanisa ndiye atakayemsomea na kutafsiri papo hapo. Taja majina ya kwanza, umri wa watoto wako, wanachopenda kucheza, na kwamba mnamwombea. Usimwite maskini. Usimwulize kama ana chakula. Usiahidi kuja. Picha ipigwe mbele ya ukuta mtupu, nyuso zionekane, si mbele ya gari na nyumba ya ghorofa. Mtoto, na hasa baba yake, atatazama gari kabla ya nyuso. Ukitaka kujibiwa, weka anwani ya kanisa badala ya ya nyumbani. Baadhi hupata jibu, wengi hawapati. Stempu ni pesa, na posta iko mbali.

Sasa upande wa pili. Maboksi husafiri kwa meli, hupitia forodha, kisha hukabidhiwa timu ya viongozi wa makanisa ya nchi husika, nayo huyagawa kwa makanisa ambayo watu wake wamepata mafunzo. Kwa hiyo zawadi ya Krismasi inaweza kufunguliwa Machi au Juni. Hili halina ubaya wowote mradi hakuna aliyeahidi Desemba. Pamoja na boksi, mtoto hupewa kijitabu cha Injili kwa lugha ya huko, na makanisa hualika watoto kwenye masomo 12 ya ufuasi yanayofundishwa na watu wa kujitolea. Anayemaliza hupata cheti na Agano Jipya.

Hapa ndipo ubishi mkubwa ulipo. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kulikuwa na malumbano ya hadharani kuhusu zawadi kuunganishwa na mahubiri, hasa pale watoto wa Kiislamu walipohusika. Shirika linasema zawadi haina sharti, na mtoto halazimiki kuingia masomoni wala kubadili dini. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini utekelezaji uko kwa kanisa la mtaani. Mtoto wa miaka saba anayekaa saa moja akisikiliza mahubiri huku rundo la maboksi liko mbele yake hajui kama kuna sharti au hakuna. Anachojua ni kwamba asiposimama pamoja na wenzake huenda akakosa.

Kanisa lenye busara hufanya hivi. Wiki mbili kabla, viongozi wanakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wazazi, wakiwemo wa dini nyingine, wanasema wazi kwamba hii ni shughuli ya kanisa, kutakuwa na mafundisho ya Kikristo, na mzazi akikataa hakuna kinyongo. Palipo na msikiti jirani, imamu aambiwe na mchungaji mwenyewe badala ya kusikia vijiweni. Majina yanaandikwa kwa rika na jinsia kulingana na maboksi yaliyopo, na kila mtoto anapewa kadi. Siku yenyewe kadi hukusanywa mlangoni. Boksi hukabidhiwa bila kuuliza nani amesali, na mwaliko wa masomo 12 hutolewa siku nyingine, kwa mzazi.

Lisipofanywa hivyo, matatizo yanajulikana. Habari zinavuja, watoto mia nne wanakuja kwenye maboksi mia mbili, na waliobaki nje ya geti wanalia huku wenzao wanapuliza filimbi ndani. Au maboksi yanapungua kabla ya siku, na watoto wa wazee wa kanisa wanakuwa nayo mawili mawili. Kanisa lisilo na walimu wa kutosha huchukua maboksi mengi, kisha masomo yanakufia la tatu. Omba idadi inayolingana na walimu ulio nao, si na watoto wa kata nzima.

Kuna tatizo jingine ambalo kanisa la mtaani haliwezi kulitatua lote. Maboksi hufunguliwa kwa pamoja, na hayalingani. Mmoja anapata mpira, pampu na viatu. Aliyekaa naye anapata penseli, kitambaa cha kunawia na kopo la vifungo. Tabasamu la wa pili hudumu sekunde chache. Wagawaji wazoefu huwaambia watoto mapema kwamba kila boksi limetoka kwa mtu tofauti, na huruhusu kubadilishana papo hapo mbele ya mwalimu. Inapunguza makali, haiyaondoi. Dawa halisi iko kwa mjazaji, ndiyo maana tumekaa sana kwenye mpira na kichongeo.

Je, pesa inatumika vizuri? Boksi lililojazwa kwa uangalifu Marekani linagharimu dola 25 hadi 40 za bidhaa, ongeza 10 za usafiri. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki pesa hiyo inanunua sare na madaftari ya mtoto wa shule ya msingi, tena sare imeshonwa na fundi wa hapo hapo. Kwa hesabu tupu, boksi linashindwa. Mchumi Bruce Wydick na wenzake walichunguza ufadhili wa kila mwezi wa Compassion International, shirika la Kikristo la kufadhili watoto, katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha waliofadhiliwa walisoma mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi zaidi ya wenzao. Wydick huyo huyo alishiriki utafiti wa viatu vya bure El Salvador. Viatu vilivaliwa na kupendwa, lakini havikubadilisha maisha kwa kiasi cha kuonekana, na watoto waliovipata walikuwa tayari zaidi kusema kwamba wengine ndio watoe mahitaji ya familia yao: asilimia 79, dhidi ya 66 ya wasiopata. Boksi la zawadi liko karibu na viatu kuliko ufadhili.

Hata hivyo kulipima kama mradi wa maendeleo ni kulionea. Ni zawadi, na mtoto ambaye hajawahi kumiliki kitu kipya chenye jina lake haoni hesabu za mchumi. Faida kubwa inabaki kwa kanisa dogo la kijijini, linalopata sababu ya kufahamiana na watoto wote wa mtaa, na kwa mtoto wa ughaibuni anayejaza boksi na kuuliza kwa mara ya kwanza mwenzake wa mbali anaishije. Kanisa likiishia kugawa tu bila kufahamiana na mtu, faida hizo zote mbili hazipo.

Kwa mpangilio wa kazi tunaipa nne kati ya tano. Kwa uwiano wa gharama na matokeo, mbili na nusu. Inamfaa mwenye watoto nyumbani, darasa la shule ya Jumapili, au kikundi cha akina mama kinachoweza kununua kwa jumla na kusawazisha maboksi yake yote yawe na mpira na pampu. Haimfai mwenye dola 50 anayetaka kumwona mtoto mmoja amefika kidato cha nne; huyo aende kwenye ufadhili wa kila mwezi, au alipe ada kupitia kanisa la kwao analolijua. Na haifai kabisa kama njia ya kuondoa vitu vilivyojaa kabatini, kwani vilivyotumika vitaishia ghalani.

Wanaoamua kushiriki wasingoje Novemba. Marekani, vifaa vya shule hushuka bei sana kati ya Julai na Agosti, kabla shule hazijafunguliwa, na mipira hushuka msimu wa joto ukiisha. Nunua wakati huo, jaribu kila pampu na kila tochi nyumbani, na uweke lebo ya rika juu ya boksi kabla hujaanza kulijaza.